Mamlaka Huliwa Mazima: Kejeli ya Utawala katika Mchezo wa Kundi la Mufwankolo

Mchezo wa kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, uliorekodiwa mwaka 1986 na kuchambuliwa na Johannes Fabian katika kitabu chake Power and Performance (1990), ulizaliwa mezani. Mgeni alipopewa firigisi ya kuku akataka kuigawa, aliambiwa kwa Kifaransa kwamba mamlaka huliwa mazima. Waigizaji walipoulizwa maana ya methali hiyo walitofautiana, na katika kutofautiana huko wakabuni mchezo.

Methali ina sura mbili. Kwa upande mmoja, mtawala hagawani na mtu. Kwa upande wa pili, asiyegawa hana wa kumpunguzia mzigo: mla firigisi isiyooshwa humeza na changarawe zake. Jukwaani, amri ya chifu inalegea, kijiji kinaingia fujo, kisha heshima inarejeshwa. Kwa juu juu, hayo ni mahubiri ya utii yaliyofaa zama za Mobutu. Hata hivyo, chifu anayehitaji kijiji kizima kimrudishie heshima ameshaonyeshwa kuwa hakuila peke yake. Hapo ndipo ilipo kejeli.

Kejeli hiyo inategemea fani. Waigizaji hawakukariri maandishi. Walikubaliana juu ya maonyesho, kisha wakatunga maneno papo hapo kwa Kiswahili cha Shaba. Kwa hiyo, vipimo vya tamthilia andishi kama Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein havitoshi hapa. Maana imo pia katika jibu la ghafla, mwendo na kicheko cha watazamaji.

Lakini kicheko hicho kina sharti lake: mtawala aishi miongoni mwa wanaomcheka. Huko Makobola, kusini ya Uvira kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, raia wengi waliuawa na wenye silaha mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999. Wenye mamlaka ya namna hiyo hawakuwa na haja ya heshima ya kijiji. Methali ikabaki na sura moja tu. Jambo hili haliupunguzii mchezo thamani. Linaonyesha kwamba utani wa Mufwankolo ulisimama juu ya imani nzito: kwamba mtawala na mtawaliwa bado wanahitajiana. Mhakiki anayeuita mchezo huu burudani tupu ameiacha imani hiyo bila kuipima.