Maktaba na Jembe la Mgeni

Maktaba hupimwa kwa wingi wa vitabu vyake, lakini kipimo hicho hakitoshi. Katika nchi ya vilima kama Nzahaha, wilayani Rusizi, yafaa tuulize kwanza: ni nani awezaye kuufikia mlango? Kwa kanuni ya ujenzi iliyozoeleka, kila sentimita 1 ya kimo hudai sentimita 12 za mteremko. Basi sakafu iliyoinuka sentimita 50 yahitaji njia ya mita 6. Vidato vitatu vya ngazi hupunguza gharama, lakini humfungia nje mwenye kiti cha magurudumu.

Wengi wakishaijenga njia hiyo hudhani kazi imekwisha. Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 2008, wazitaja maktaba katika Kifungu cha 30. Nacho Kifungu cha 27 chalinda haki ya kufanya kazi. Vifungu hivyo havina budi kusomwa pamoja. Meza ya kuazimia iliyo juu mno, rafu zisizofikika, orodha ya vitabu isiyo na nukta nundu: vyote humtatiza msomaji, na humnyima mkutubi kazi yenyewe.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maktaba impokeayo mwenye ulemavu siku zote bila kumpa jembe haijamkubali kuwa mwenyeji. Walimu wenzetu, tukaguapo maktaba za shule zetu, tuzitazame pande zote mbili za meza.