Kazi Isiyo na Cheche

Cheche ndizo zinazokusanya watoto. Pale Kashikishi, upande wa Nchelenge wa Ziwa Mweru, fundi akianza kuchomelea, hata wanaoanika samaki hugeuza shingo. Nami ni mmoja wao, na nimetazama vya kutosha kusema kwamba tunasifia kitu ambacho si chenyewe. Cheche zikizidi, mara nyingi umeme umezidi, au rodi imeshikwa mbali na chuma, au imeingia unyevu. Fundi hodari kweli hurusha chache.

Kazi yenyewe huanza kabla ya umeme. Chukua keria ya baiskeli iliyokatika, maana baiskeli huku ndiyo lori la samaki. Kwanza fundi huisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa grinda, mpaka chuma kitoe weupe. Kutu, rangi na mafuta ya samaki vikiungua hutoa gesi, na gesi ikinaswa ndani ya chuma kinachoganda huacha vitundu visivyoonekana kwa nje. Chuma kikiwa kinene, kingo zake hulazwa mshazari ili zikikutana zifanye mfereji, moto ushuke hadi chini. Kibano cha athi nacho hupewa mahali pasafi. Halafu fundi hushikiza: nukta moja huku, nyingine kule, anapima unyoofu kwa jicho, anagonga kidogo, anapima tena. Chuma hutanuka kikipata joto na hujikunyata kikipoa, na kikijikunyata huvuta. Mwenye pupa akipiga mshono mzima upande mmoja, keria itatoka imepinda, na hapo hakuna nyundo itakayomwokoa.

Ndipo anashusha ngao usoni. Rodi ya milimita 2.5 kwa chuma chembamba hutaka kama ampea 70, ikiongezwa au kupunguzwa kidogo kwa kusikiliza. Ndiyo, kwa kusikiliza. Nafasi kati ya ncha ya rodi na chuma ikiwa sawa na unene wa rodi yenyewe, moto hutoa sauti tulivu isiyokatika, kama samaki anayekaangwa kwenye mafuta ya kutosha. Ikianza kupasuka na kukohoa, nafasi imepanuka. Ikizama na kunyamaza, rodi iko karibu kunata.

Nyuma ya kioo cheusi haonekani mtu wala ziwa. Kinachoonekana ni dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka, na anayejifunza hukosea kwa kutazama mwanga badala ya dimbwi. Dimbwi ndilo linalosema. Likiwa refu na jembamba, mkono unakimbia. Likilundikana, mkono umezubaa. Kingo zake zikijichimba bila kujazwa, umeme ni mkali au rodi imelala vibaya. Na hapa ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu: rodi hufupika kadiri inavyoungua, kwa hiyo mkono lazima usonge mbele na papo hapo ushuke chini, miendo miwili ya kasi tofauti, huku dimbwi likibaki na upana uleule. Ukimtazama begani fundi aliyekomaa, utadhani hajisogezi.

Unga uliopakwa kwenye rodi nao una kazi yake. Ukiungua hutoa moshi unaozuia hewa isiguse chuma cha moto, kisha huganda juu ya mshono kuwa gamba. Oscar Kjellberg, Mswidi aliyekuwa mhandisi wa meli, ndiye aliyeipa dunia rodi iliyopakwa, na kilichomsukuma ni matengenezo ya boila za meli. Kampuni aliyoianzisha Gothenburg mwaka 1904, ESAB, ipo hadi leo. Lakini kuunga chuma kwa moto ni jambo la kale zaidi ya hapo. Msafiri David Livingstone alipofika kwa mtawala Mwata Kazembe, kando ya maji ya Mofwe, Novemba 1867, katika nchi hizi wahunzi walikuwa tayari wakifua majembe na mashoka kwa makaa, mivukuto na nyundo. Umeme umepunguza jasho, haukuleta akili mpya.

Ziwa lina majira yake. Kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia hufunga uvuvi, na mwenye chombo hupata nafasi ya kukitengeneza. Ubaya ni kwamba hiyo ndiyo miezi ya mvua. Rodi hunyonya unyevu wa hewa, na rodi yenye unyevu huacha vitundu vilevile vinavyoachwa na kutu na mafuta. Mchanga uliolowa chini ya miguu ya mtu aliyeshika koleo lenye umeme ni hatari nyingine, na fundi mwenye busara hupanga ubao mkavu wa kusimamia na kuvaa glavu kavu. Niongeze la macho: mwanga wa kuchomelea ukikuingia bila kioo cheusi cha namba 10 au 11, mchana hutasikia kitu. Usiku ndio utahisi umetiwa mchanga machoni. Miwani ya jua haisaidii, iwe nyeusi namna gani.

Kuna kazi fundi mzuri huzikataa, na hilo halisifiwi vya kutosha. Pipa la petroli, hata likionekana kavu na kunuka kidogo tu, hulirudisha kwa mwenyewe, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka. Kipande cha injini ya boti kilichokatika nacho mara nyingi ni alumini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi kama 660, lakini utando unaoifunika huvumilia nyuzi 2,000 na zaidi, na rodi ya kawaida ya chuma itaishia kuiyeyusha tu. Mwenye injini huudhika. Amekuja na pesa mkononi, mashine anaiona, na mtu anamwambia hapana.

Hata kazi iliyokubaliwa haikosi mzozo. Gamba limegongwa, mshono umetokea wenye mawimbi yaliyopangana, urefu wa kidole, na mteja anaukagua kama aliyeuziwa kitambaa pungufu.

“Fundi, kamstari haka tu?”

“Kamstari nimekupa bure, baba. Unalipia kusugua.”

Baba akacheka, akapunguza bei kidogo, fundi akaipandisha kidogo, na keria ikapakiwa kikapu cha samaki palepale ingali na joto.