Kuutambua Mpango Mzuri wa Usimikaji wa Mfumo

Anayekuonyesha mchoro wa usimikaji huanza na masanduku: hii seva ya wavuti, hii ya malipo, ile hifadhidata. Mwache amalize, kisha mrudishe kwenye mistari inayoyaunganisha. Mfumo wenye komponenti nyingi husumbua zaidi pale komponenti zinapokutana, kwa hiyo hapo ndipo mpango unapopimwa.

Chukua mfumo wa tiketi za mabasi ya mikoani. Una komponenti ya kutafuta safari, ya kushika kiti, ya kupokea malipo kutoka mitandao ya simu, ya kutuma ujumbe, na hifadhidata. Mchoro dhaifu huziunganisha kwa mistari mitupu. Mchoro wa fundi huandika juu ya kila mstari itifaki inayotumika, nani anaanzisha mawasiliano, anasubiri jibu kwa muda gani, na asipojibiwa anafanya nini. Mimi hukaa zaidi kati ya malipo na kiti. Abiria ameshakatwa pesa na jibu halijafika: kiti kinashikwa kwa dakika ngapi? Ombi likirudiwa, atakatwa mara mbili? Mstari usiojibu maswali haya ni kazi iliyoachiwa usiku wa kwanza wa msongamano, wiki ya Krismasi, stendi ikiwa imefurika.

Halafu tazama umbali. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa njia iliyonyooka, yaani milisekunde 70 kwenda na kurudi, na hakuna mkongo ulionyooka hivyo. Ukisimika komponenti ya kiti Dar es Salaam na hifadhidata yake Frankfurt, na ombi moja likaiuliza hifadhidata mara 20, swali moja baada ya jingine, abiria ameshasubiri sekunde 1.4 kabla hujahesabu kazi ya seva yenyewe. Mpango ulioandika idadi ya maswali kwenye mstari huliweka wazi jambo hilo mapema, na komponenti hizo mbili zinahamishiwa pamoja kabla hata seva haijalipiwa.

Uimara nao una hesabu yake. Komponenti tano zinazotegemeana mfululizo, kila moja ikiwa hewani asilimia 99 ya muda, kwa pamoja hufikisha takriban asilimia 95. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni zaidi ya saa 35 za kukosa huduma. Dawa inayopendwa ni kuweka nakala mbili za kila komponenti. Kwenye karatasi nakala mbili za asilimia 99 huleta asilimia 99.99, lakini hesabu hiyo inasimama tu kama haziangushwi na sababu moja. Kwa hiyo shuka chini zaidi. Je, seva hizo mbili ni mashine pepe zilizo ndani ya mashine moja halisi? Zinakula umeme wa chanzo kimoja? Hata mikongo huanguka pamoja: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Aliyekuwa amechora mikongo hiyo miwili kama njia mbili huru alikuwa na mistari miwili inayopita pwani ileile. Mchoro mzuri unaonyesha nodi, yaani mashine zinazobeba komponenti, moja ndani ya nyingine mpaka kwenye chuma, umeme na waya, na UML, lugha ya kuchorea mifumo, ina alama za kuonyesha nodi ndani ya nodi.

Kuhusu lugha ya kuchorea sina ubishi mwingi. UML, ArchiMate na C4 ya Simon Brown zote zinafaa. Ninachodai ni modeli halisi, ambamo komponenti inatajwa mara moja na kuonekana katika michoro yote, na unaweza kuiuliza: seva hii ikizima, nini kinaanguka? Zana ya kuchorea masanduku haiwezi kukujibu.

Mwisho, tafuta njia ya kurudi. Michoro mingi huonyesha mfumo ulivyo leo na utakavyokuwa kesho, ikiruka saa zile ambazo toleo la zamani na jipya yanafanya kazi pamoja juu ya hifadhidata moja. Dai mchoro wa saa hizo. Mwulize mwenye mpango ni hatua ipi ambayo ikishapita hakuna kurudi nyuma. Fundi anayejua kazi yake ataionyesha bila kutafuta. Mara nyingi ni pale safu ya zamani ya jedwali inapofutwa, na hatua hiyo inapaswa kupangiwa siku yake ya peke yake, toleo jipya likiwa limeshazoea mzigo.