Je, KMRU Ametupotea?

Mabishano haya yalianzia bwenini, kati ya kitanda cha juu na kitanda cha chini. Wa juu alishika msimamo kwamba KMRU alikuwa mtamu mpaka albamu yake ya Peel, mwaka 2020, na kwamba yaliyofuata ni "mingurumo tu, bwana." Wa chini, yaani mimi, nilimjibu kwamba kasoro si ya msanii, ni ya masikio yaliyozoea kubembelezwa. Tulibishana hadi umeme ukakatika, tukaendelea gizani. Ndugu msomaji, naandika makala hii kukiri kwamba wote wawili tulikosea, na mimi nilikosea zaidi.

Kwa asiyemfahamu, Joseph Kamaru, ajulikanaye kisanii kama KMRU, ni mzaliwa wa Nairobi atengenezaye muziki kwa kompyuta na kinasa sauti. Hakuna ngoma ya kuchezea, hakuna kiitikio, hakuna ujumbe wa kuimbwa. Jina amelirithi kwa babu yake, Joseph Kamaru, nguli wa muziki wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Babu alikuwa mtu wa maneno hasa: J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, Kamaru alitoa wimbo juu ya mauaji hayo wakati wengine wakinong'ona. Mjukuu amejitahidi kuzirudisha hadharani kazi za babu, lakini katika kazi zake mwenyewe hasemi kitu. Hapo ndipo sisi wahakiki wa fasihi tunapopata taabu. Tumefundishwa kuuliza: fani yake ipi, maudhui yake yapi? Sasa mtu asiyesema, maudhui yake utayachimbua wapi?

Tuanze basi na mabadiliko yenyewe. Katika Peel, iliyotolewa na Editions Mego ya Vienna, sauti zilizonaswa katika mazingira zimetandazwa chini ya mivumo inayopanda taratibu kama ukungu wa asubuhi. Kipande cha mwisho, chenye jina la albamu, kinapita dakika 20 na hakina haraka ya kufika popote. Baada ya hapo msanii alihamia Berlin kusomea sanaa ya sauti. Mwaka 2022 ikatoka Temporary Stored, iliyochota katika sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 2023 ikaja Dissolution Grip. Hapa hakuziweka sauti za nje zenyewe. Alichukua michoro ya mawimbi yake, akaifanya kama nota, kisha akajenga sauti mpya kwa mitambo. Mwaka 2024 ikafuata Natur, kipande kimoja kinachozidi dakika 50, kilichojaa milio ya mawimbi ya sumakuumeme ambayo kwa kawaida sikio haliisikii.

Wasikilizaji ninaowajua wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema utamu umekwisha. Kundi la pili linasema kila kinachozidi ugumu kimezidi ubora. Ukichunguza utaona makundi haya yana tabia moja: hakuna hata moja linalosema limesikia nini. Wote wanatoa alama tu, kama wasahihishaji wa mtihani.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Benaco, wilayani Ngara, pale barabara inapogawanyika, moja ikienda Rusumo na Rwanda, nyingine ikielekea Ngara mjini na Burundi. Jina la mahali petu lilitokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara. Malori yanalala hapo, na kimya ni kitu tunachokisikia kwenye hadithi. Binamu yangu ana kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo, nje kaweka spika kubwa. Nikamwomba anipe saa moja moja kila jioni. Sikwenda kufanya utafiti, jamani. Nilitaka tu kumshinda mwenzangu wa kitanda cha juu.

Siku ya kwanza niliweka Peel. Mama ntilie wa jirani akauliza, "Hii ni ya kanisani, mwanangu?" Nikamwambia hapana, mama. "Basi iache, inapoza." Kijana wa bodaboda alivumilia dakika kama sita, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Huyu jamaa anaanza kuimba saa ngapi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa moyoni nilimwekea alama ya sifuri.

Siku ya pili niliweka Natur. Dereva mmoja wa lori akanijia: "Dogo, spika yako ina shoti." Nikamwambia ndivyo muziki wenyewe ulivyo, kaka. Akasimama, akatega sikio. "Aa, hapana. Hii ni transfoma. Nikiegesha karibu na nguzo naisikia hivihivi usiku kucha." Akaagiza chai, akabaki mpaka mwisho. Hakusema ni nzuri wala mbaya.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Dissolution Grip. Mvumo ulipokuwa umepanda na kujaa, mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akasema, "Zima." Tukazima. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, haikupendezi?" Akajibu, "Marahaba. Siyo suala la kupendeza. Mwaka ule, usiku, kabla hujawaona watu, ulikuwa unasikia hivyo." Akanyamaza, nasi tukanyamaza.

Benaco ukisema "mwaka ule" huulizwi upi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takriban siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi iliyozaliwa hapa ikawa mji mkubwa wa maturubai hadi ilipofungwa Desemba 1996. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nimekulia juu ya habari hiyo bila kuwahi kujiuliza ilikuwa na sauti gani.

Sasa hebu tujiulize kama wahakiki. KMRU hakutunga kazi hiyo juu ya Ngara, na nitakuwa mwongo nikidai hivyo. Lakini je, mzee alijitungia tu? Sidhani. Dissolution Grip imejengwa kwa umbo la sauti ambayo yenyewe haipo tena: mchoro umebaki, mwenye sauti kaondoka. Unasikia wingi bila kuona sura. Hicho ndicho alichokieleza mzee: kuusikia umati kabla ya kuuona. Hakusoma maelezo ya albamu, hakujua mchoro wala nota, ila aliishika kazi pale inaposhikika. Mimi niliyekuwa nikiisifu bwenini sikuwahi kuogopa hata dakika moja. Neno lake "zima" lilikuwa uhakiki. Sifa zangu zilikuwa majivuno.

Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Euphrase Kezilahabi, aliyetupa Rosa Mistika mwaka 1971, alipokuja na Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, wapo waliosema ametupotea. Sisi wasomi tukakimbilia kumtetea kwa nadharia, na aliyelalamika tukamwona mvivu. Ni wangapi kati yetu waliomuuliza msomaji huyo: ulipotea ukurasa wa ngapi, na ulipopotea uliona nini? Malalamiko ya msomaji ni data, ndugu zangu, siyo matusi.

Pamoja na hayo simpi KMRU cheti cheupe. Mwenzangu wa kitanda cha juu ana hoja, ila hajaitaja vizuri. Kilichopungua baada ya Peel siyo utamu, ni mahali. Katika Dissolution Grip, kwa kuziondoa sauti za nje zenyewe, msanii ametunyima hata mlango mmoja wa kuingilia. Asiye na kumbukumbu ya kuleta atabaki nje. Katika Natur naona mahali pamerudi, tena kwa njia ya waya. Msanii ameeleza jinsi ukimya wa Berlin ulivyomshangaza baada ya makelele ya Nairobi, na ndipo dereva wetu alipoitambua transfoma. Kwa hiyo safari yake siyo mstari wa kwenda mbali nasi. Amezunguka.

Lipo na la pili, nalo ni zito zaidi. Sauti za Waafrika zimefungiwa makumbusho Ubelgiji. Albamu inayolijadili jambo hilo nayo tunaipata kwenye intaneti kwa kadi ya benki, ambayo mama ntilie hana. Bila spika ya binamu yangu, wasikilizaji niliowataja wasingekuwepo katika mjadala huu, na sisi tungeendelea kusema "wasikilizaji wanaona hivi" tukimaanisha vitanda viwili vya bweni.

Nawakaribisha wenzangu na walimu wetu wanipinge katika toleo lijalo. Wa kitanda cha juu bado anaipenda Peel, na bado anasema yaliyofuata ni mingurumo. Siku hizi simjibu. Namuuliza tu: dakika ya ngapi, na ulisikia nini?