Fundi wa Kiungo Kisichoonekana

Mashua zinazotoka Mbita kwenda kisiwa cha Mfangano, katika Ziwa Victoria, hubeba abiria, mizigo ya dukani na mifuko ya saruji. Mawe kisiwani yapo tele, lakini saruji, nondo na bolti lazima zivuke ziwa, kwa hiyo kila kifaa kinachofika mikononi mwa fundi kina gharama.

Katika kazi zake zote, ipo moja inayostahili sifa kuliko inavyopewa: kuifunga nguzo ya mbao juu ya kiguu cha zege. Mgeni husifu mabati mapya na rangi ya ukuta. Kiungo cha chini hakitazami, ingawa umri wa baraza lote unategemea hapo.

Zege hufyonza maji ya ardhini na kuyapandisha polepole kupitia vitundu vyake. Mti huyapokea, hasa kwenye ncha iliyokatwa, ambako mishipa yake imebaki wazi. Unyevu wa mbao ukikaa juu ya asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu huanza kuila. Wajenzi wa Lamu na Zanzibar walilijua tatizo hili tangu zamani. Boriti zao za mikoko zilichomekwa ndani ya kuta za mawe na chokaa, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, karibu mita 3. Dari ikivuja, ncha zilizozama ukutani ndizo huoza kwanza, tena bila kuonekana.

Fundi hodari basi huushika mti kwa nguvu zote huku akiuzuia usiguse zege. Zege likiwa bado bichi, huzamisha ndani yake kishikio cha chuma chenye mbavu mbili, akakipima kwa kamba na pimamaji mpaka kikae wima. Hapa haraka haifai, kwa sababu likishakauka, kurekebisha milimita 10 tu ni kazi ya tindo na nyundo. Zege huachwa likomae, likimwagiwa maji. Nguvu yake hupimwa kwa kawaida likiwa na siku 28. Ndipo nguzo hukalishwa kati ya zile mbavu, ikiwa imeinuliwa kiasi cha upana wa kidole ili hewa ipite na maji ya mvua yasituame chini yake.

Kisha huja keekee. Kwa bolti ya milimita 12, tundu hutobolewa angalau milimita 84 kutoka ncha ya nguzo, yaani mara 7 ya unene wa bolti. Likisogea karibu zaidi, mti unaweza kupasuka siku utakapovutwa kwenda juu.

Na utavutwa. Usiku, hewa ya nchi kavu hutiririka kutoka pande zote na kukutana juu ya Ziwa Victoria, ikainua dhoruba zenye radi. Upepo ukiingia chini ya baraza hutaka kuling'oa paa. Mvuto huo hupita kwenye msumari wa bati, ukaingia kwenye kenchi, boriti na nguzo, hadi kwenye bolti iliyoshika zege. Maji nayo hayatabiriki: Mei 2020 ziwa lilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaizidi rekodi ya 1964, na makazi mengi ya ufukweni yakafurika. Katika mazingira kama haya, ile nafasi ya kidole kimoja na chuma kilichopakwa zinki si urembo.

Kazi haiishii siku ya kukabidhi nyumba. Mbao zinapokauka husinyaa kwa upana, na nati iliyokazwa barabara mwezi wa kwanza hulegea. Ndiyo maana fundi anayejali huziacha nati wazi, hazifuniki kwa plasta, akamwambia mwenye nyumba kwamba baada ya kiangazi atarudi na spana kuzikaza tena.