Kila Kilo Ina Mwenyewe

Johannesburg haina bahari, haina mto mkubwa, na jangwa liko mbali nayo. Mkazi wake akiutaka mchanga wa Kalahari sharti asafiri mbali, mara nyingi avuke mpaka aingie Botswana. Akiyataka mawe na baridi ya Lesotho, apande njia ya Sani mpaka mita 2,876 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo ni katika mji huo wa lami na kuta ndefu ambako gari la porini limepata wapenzi wa kupindukia. Nadhani umbali wenyewe ndio unaowachochea. Anayeishi porini hutumia gari alilo nalo. Anayeliwaza pori kuanzia Januari hadi likizo ya Julai ana miezi sita ya kulishughulikia.

Pita mitaa ya miji jirani ya upande wa mashariki, Boksburg, Benoni au Kempton Park, Jumamosi asubuhi utaikuta milango ya gereji za nyumbani imeinuliwa. Ndani mna Land Cruiser lililokwisha kula chumvi nyingi, limekalishwa juu ya stendi nne, tairi zimeegemezwa ukutani, na chini yake kuna mtu anayeonekana miguu tu. Huenda siku za kazi ni mhasibu, au anafundisha hesabu shuleni. Hakuna mteja anayesubiri nje wala bosi anayeuliza gari litatoka lini. Kazi ikimaliza miaka miwili, imemaliza miaka miwili. Ukosefu huo wa haraka ndio utajiri wa kwanza wa gereji ya nyumbani, na ndio ambao fundi wa kulipwa, hata awe hodari vipi, mara nyingi hana.

Utajiri wa pili ni mji wenyewe. Johannesburg ilizaliwa mwaka 1886, dhahabu ilipopatikana Witwatersrand, na dhahabu ile haikuwa ya kuchekechwa mtoni kwa karai. Ilikuwa imefungwa ndani ya mwamba unaozama ardhini kilomita kwa kilomita. Kuitoa kulihitaji pampu, winchi za kuwashusha watu shimoni na vinu vya kuponda mawe, na kila mtambo uliovunjika ulihitaji fundi wa karibu. Basi kuanzia Germiston hadi Springs zikaota karakana za kukereza na kuchomelea vyuma. Migodi mingi ilishafungwa, lakini ujuzi haukuzikwa nayo. Leo mtu anayetaka bushi ya shaba ipunguzwe robo milimita, au bamba nene la chuma likatwe kwa umbo alilolichora kwenye boksi la viatu, hasafiri mbali kumpata wa kumfanyia.

Kuna pia sababu nyingine ya mapenzi haya, isiyotajwa sana. Kwetu Tanzania gari lililotumika Japani hushuka bandarini Dar es Salaam na baada ya wiki kadhaa liko barabarani. Afrika Kusini hairuhusu hivyo bila kibali maalumu. Magari ya namna hiyo yanayoshushwa Durban hupita kuelekea nchi za kaskazini. Nchi ina viwanda vyake vya kulinda: Hilux huundwa Prospecton, kando ya Durban, na Ranger huundwa Silverton, Pretoria. Kwa hiyo gari la zamani lililoko halina mbadala wa bei poa kutoka nje. Hutunzwa, hufumuliwa, hufufuliwa.

Na hapa kuna kichekesho kidogo cha historia. Mwaka 1961 serikali ilianza kuvishurutisha viwanda vya magari kutumia vipuri vya ndani, na hadi mwaka 1989 sharti hilo lilipimwa kwa uzito, wala si kwa thamani. Mwenye kiwanda aliyetaka kulitimiza alikuwa na kila sababu ya kuanzia kwenye vitu vizito. Miaka karibu thelathini taifa zima likahesabu maendeleo ya magari kwa kilo! Ukiyatazama baadhi ya magari yanayotoka gereji za nyumbani leo utadhani sheria ile haijafutwa.

Maana ugonjwa mkuu wa kazi hii ni kuongeza. Chukua pikapu ya kawaida, ile ambayo huko kila mtu huiita bakkie. Kiwanda kimeiruhusu ibebe tani moja au pungufu, abiria wakiwemo. Sasa mwenyewe anaanza. Bampa la chuma mbele, kilo 60. Winchi na waya wake, 40. Keria ya juu, 30, na hema la kukunjuka juu yake, 60. Betri ya pili ya risasi, 25. Friji ikiwa na nyama na vinywaji, 50. Tairi la pili la akiba na ringi yake, karibu 40. Lita 60 za maji ni kilo 60 zilezile, na lita 80 za dizeli ya ziada ni kilo 67 hivi. Tumeshapita 430, na hakuna mtu aliyepanda. Weka watu wazima wanne, masanduku ya vyakula, vifaa, kuni. Gari limeshiba kabla halijatoka getini, na barabara mbaya bado haijaanza.

Mafundi wazuri niwajuao hawaulizi kitu kina uzito gani tu. Wanauliza uzito huo ni wa nani. Kila kilo ina mwenyewe. Kilo ya maji ikiwekwa chini, katikati ya ekseli mbili, hubebwa na gari zima na haionekani. Kilo hiyohiyo ikining'inizwa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi ya mtarimbo: inaikandamiza ekseli ile na kuinyanyua ya mbele, usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapungukiwa. Pikapu za milango minne zimeshapinda chesisi kwa namna hii, si kwa kugonga kitu, bali kwa kupigapiga mzigo wa nyuma juu ya makunyanzi ya barabara ya vumbi siku nzima. Ikiwekwa juu ya paa, kilo hiyo inangoja kona au mteremko wa ubavu.

Ndiyo maana naisifu kazi hii kama kazi ya akili kabla ya spana. Chukua suala la kuinua gari. Wengi hununua springi ndefu na shokapu ndefu, gari likasimama juu kwa sentimita tano, likapendeza. Lakini difu ya nyuma haijasogea. Difu imefungwa kwenye ekseli, na ekseli huinuliwa na tairi peke yake. Ukitoka tairi ya 265/75R16 ukaenda 285/75R16, umeongeza kama milimita 30 za kipenyo, na chini ya difu umepata nusu yake tu, milimita 15. Kwa milimita hizo 15 umelipa: spidi mita inasema 100 nawe unakwenda 104, gia zote zimekuwa ndefu kidogo, breki zina tairi zito zaidi la kusimamisha. Na zile springi ndefu zimebadilisha pembe ya propela na mlalo wa magurudumu ya mbele, usukani hauna tena ile tabia ya kurudi wenyewe katikati. Haya yote yana dawa. Ila kila dawa ni kipuri kingine, na Jumamosi nyingine.

Kisha hewa. Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita ambayo Afrika Mashariki tumeizoea katika magari ya utalii na ya mashirika ya misaada, hupumua kwa shida zaidi mjini hapo kuliko Tanga. Dawa inayojulikana ni kuipachika tabo. Wengi wamefanya hivyo, na wengine wamejuta, kwa sababu pistoni na silinda hedi zake hazikuundwa kwa joto hilo. Mwenye busara hufunga kwanza kipimajoto cha moshi kwenye ekzosi, halafu ndipo agusie pampu ya dizeli. Asiye na busara hukoleza dizeli, akafurahia mlima mmoja, na kulia bondeni.

Mafundi wa Arusha wangecheka wakisikia haya yakizungumzwa kama starehe. Kule Land Cruiser hukatwa chesisi na kurefushwa, likatengenezewa paa la kufunguka, kisha likatumwa Serengeti kila wiki hadi lilipe mkopo. Fundi wa Arusha hujifunza kutokana na nyufa: anaona keria ilipokatika, shokapu ilipong'oka, anaongeza bamba hapo na si kwingine. Shokapu kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, na katika barabara ya makunyanzi joto hilo hupanda hadi oili ya ndani itoe povu, shokapu ikabaki bomba tupu. Hilo mtu wa Arusha analijua kwa mkono ulioungua. Fundi wa gereji ya nyumbani Johannesburg, anayesafiri mara moja au mbili kwa mwaka, hana shule hiyo. Inambidi apate kwa kufikiri kile ambacho mwenzake hupewa na barabara, na hapo ndipo hesabu ya kilo inapomsaidia.

Katika umeme, nadhani, fundi wa Johannesburg amemzidi mwenzake wa Arusha. Mgao wa umeme ulioanza mwaka 2007 na kufikia ubaya wake wote mwaka 2023 uliwafundisha wakazi wa Johannesburg mambo ya betri, inveta na paneli za sola wapende wasipende. Mashine ya kuchomelea ilizimika katikati ya mshono, ukangoja saa mbili gizani. Maarifa hayo yameingia garini: betri ya lithiamu yenye nusu ya uzito wa ile ya risasi, waya nene zilizopitishwa mahali pasipo na msuguano, fyuzi karibu kabisa na betri. Waya uliofungwa vizuri haupigwi picha na mtu, lakini ukitaka kujua kama aliyejenga gari ni fundi, fungua boneti utazame waya.

Na bado, baada ya chuma chote hicho, kitu kinacholifikisha gari mbali zaidi mchangani ni kutoa upepo. Tairi likishushwa kutoka baa 2.4 hadi 1.2 hurefuka pale linapogusa ardhi, likakanyaga badala ya kuchimba. Hakugharimu kitu. Kunataka mwendo wa polepole tu, na kampresa ya kulijaza tena kabla ya lami, kwa kuwa tairi legevu likikimbizwa hupata moto likapasuka.

Ndiyo maana sina imani na winchi kwa safari za Botswana. Makgadikgadi ni uwanda wa chumvi usio na mti wa kufungia waya, na chini ya gamba lake jeupe kuna tope. Watetezi wa winchi husema tairi la akiba likizikwa huwa nanga. Ni kweli, na hufanya kazi. Ila shimo la kulizika huchimbwa kwa koleo, na mwenye koleo na nguvu za kuchimba shimo la kina hicho, muda huohuo angekuwa ameshalifukua gari.