Pampu Inavuta Hewa ya Wapi?

Kuna picha ya sebule moja ya Kisauni inayozungushwa kwenye simu za watu hapa kwetu Mombasa, na chini yake ni sifa tupu: fundi makini, kazi safi, tupeni namba yake. Sebule inapigwa skimu na rangi. Pembeni tangi la samaki limevikwa nailoni kuanzia kifuniko hadi miguu ya meza, tepu imezungushwa mara tatu kama zawadi ya harusi. Na hapo hapo pichani, kwa mwenye macho, pampu ya hewa imelala sakafuni, nje ya nailoni, ubavuni mwa mkebe wa thina ulioachwa wazi.

Hakuna aliyeiona. Wote wamesifu tepu.

Pampu haitengenezi hewa. Inavuta iliyopo chumbani na kuisukuma kwenye jiwe la hewa, nalo linaipasua vipovu vidogo vidogo ili ichanganyike na maji vizuri. Chumba kikijaa mvuke wa thina, basi ni mvuke huo unaopelekwa majini, tena kwa bidii. Lile tangi la pichani lingekaa wazi kabisa, pampu imezimwa kwa saa moja huku undakoti inapigwa, samaki wangekuwa na nafuu. Kwa hiyo mimi nikiitwa kutazama kazi ya fundi, nailoni siitazami kwanza. Nashika mpira wa hewa, naufuata hadi unakoishia.

Marehemu mzee mmoja wa Mtongwe, fundi rangi wa miaka mingi, hakuwa akifungua mkebe kabla ya kutoka nje kuangalia makuti ya minazi. Wakati wa kusi aliitoa pampu hadi baraza ya upande wa kusini; kaskazi ikiingia aliihamishia ng'ambo ya pili, daima kule upepo unakotokea. Mpira aliupitisha kwenye vioo vya luva, akaziba mwanya kwa kitambaa. Pampu yenyewe aliitundika msumarini, juu kuliko usawa wa maji, kwa sababu umeme ukikatika, maji hurudi mpirani na kuifuata pampu iliyowekwa chini. Siku hizi kuna vizibo vidogo vya kuzuia hayo. Yeye hakuviamini, na mimi pia siviamini.

Kisha ndipo alipolifunika tangi, na hapa ndipo utamu wa kazi yake ulipo. Hakupiga tepu. Nailoni aliiacha ikiteremka pande zote, na chini kabisa akaiachia pindo huru, wazi kiasi cha vidole viwili. Hewa safi kutoka baraza iliingia majini, ikapanda juu, ikaijaza nailoni hadi ikatuna kidogo, halafu ikatafuta njia ya kutokea chini. Nimewahi kuchuchumaa nikalitazama pindo lile wakati fundi mwingine pembeni anakwangua ukuta kwa msasa: linatetemeka taratibu, na vumbi likifika pale linasukumwa nje. Hiyo ndiyo alama ya kazi. Nailoni iliyotuna kidogo, pindo linalotetemeka. Ukiikuta imelala kimya juu ya kioo, au imefungwa tepu pande zote na tangi linachemka ndani kwa joto la Februari, mlipe fundi nauli yake aende. Maji ya moto hayabebi oksijeni ya kutosha, hilo halina mjadala.

Wazee wa Changamwe waliokulia karibu na kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963, wanajua bila kufundishwa kwamba kabla ya kufunga dirisha unauliza upepo unatoka wapi. Mafundi vijana wanafunga tu.

Walaghai nao wapo. Pampu nyingi zina kipande cha sufi chini, mahali zinapovutia hewa. Ipindue utazame: kikiwa cheupe, imepumua vizuri, kikiwa kijivu, umeibiwa. Mlaghai mmoja alilijua hilo, akang'oa sufi chafu na kubandika pamba mpya kabla mwenye nyumba hajarudi. Alichosahau ni uso wa maji. Laza karatasi ya jikoni juu ya maji kwa pumzi moja, uiinue, uielekeze kwenye mwanga. Utando wa mafuta ukiwepo utauona umenasa kwenye karatasi, na ndio huo unaowanyima samaki hewa. Bettafish na gurami, ambao hupanda juu kuvuta hewa kwa mdomo, hukumbana nao kila mara wanapopanda.

Mwingine huchomoa filta ili apate soketi ya grainda, akairudisha jioni bila kusema neno. Vijidudu vyema vya kwenye sponji hufa kwa kukosa oksijeni, amonia ikapanda baada ya siku chache, na lawama ikaenda kwa rangi. Akiwa anakata mawe ya matumbawe ndio balaa zaidi: vumbi lake ni chokaa, hupandisha pH, na pH ikipanda amonia ile ile huzidi ukali.

Masharti mengine nayasema kwa haraka. Nailoni iwe nyeupe. Leso mbichi mlangoni huzuia vumbi, haizuii harufu. Makaa ya jiko si makaa ya filta. Fundi mwenye sigara mdomoni simtaki. Kazi ikiisha, badilisha robo ya maji, si yote.

Zamani nyumba za Likoni zilipakwa chokaa kabla ya Ramadhani, kwa brashi, bila thina, na ukuta ukipumua. Chokaa nayo ingeua samaki ikidondokea majini, lakini angalau ilidondoka mbele ya macho yako. Leo kila ukuta sharti ung'ae kama kaunta ya benki, na glosi yake inanuka wiki nzima.

Na mafundi wakisema watapiga dawa ya mchwa kabla ya sakafu, usikague pindo wala pampu. Nyingi za dawa hizo ni za jamii iliyoigwa kutoka kwa pareto, na kiasi kidogo mno humaliza tangi zima. Hamisha samaki kwa jirani, pampu iende nao, na wasirudi mpaka nyumba ipigwe deki na ikauke.